Rafu Zikiwa Tupu Lamu: Je, Kuweka Akiba Nyumbani ni Kuhodhi?

Swali la msomaji:

“Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Langoni, mjini Lamu, pamoja na mume wangu na mama mkwe. Usiku mmoja mwezi uliopita ulizunguka ujumbe wa sauti kwenye simu kwamba malori ya bidhaa yamezuiliwa njiani na kwamba hakuna kitu kitakachovuka kutoka Mokowe, gati la upande wa bara, kwa wiki mbili. Ilipofika adhuhuri ya siku ya pili, unga wa ngano, sukari na mafuta ya kupikia vilikuwa vimekwisha supamaketi na karibu maduka yote ya Usita wa Mui, mtaa mkuu wa maduka. Jirani yangu alichukua marobota manne ya unga, kila moja lina pakiti kumi na mbili za kilo mbili. Mimi nilisema huo ni uvumi, sikwenda, na nikapika mihogo na viazi kwa siku tatu mpaka malori yakaja. Ni nani kati yetu aliyekosea? Mama mkwe asema zamani kila nyumba ilijaza ghala kabla ya upepo wa kusi na hakuna aliyeitwa mhodhi. Nikitaka kuweka akiba, niweke kiasi gani, na lini, ili nisiwe miongoni mwa wanaowanyima wengine?”

Jibu:

Mama, jirani yako alikosea siku, nawe ulikosea miezi iliyoitangulia siku hiyo. Yeye alifanya jambo lenye maana katika wakati mbaya kuliko wote, na wewe ulikataa kulifanya siku hiyo kwa sababu nzuri, lakini ulikuwa hujalifanya pia katika wakati uliofaa. Mama mkwe ndiye aliye karibu zaidi na ukweli, ingawa kalenda anayoikumbuka inahitaji kusahihishwa kidogo, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza ni lazima tuelewe rafu ya duka ni kitu gani. Watu wengi huitazama kana kwamba ni ghala la mji, kwa hivyo ikibaki tupu hudhani kwamba chakula kimekwisha. Mwenye duka hana sababu ya kuweka shehena ya miezi, kwa kuwa bidhaa iliyolala ni fedha iliyolala, unga una tarehe ya mwisho, nafasi ya stoo hulipiwa kodi, na mara nyingi mzigo wenyewe ameuchukua kwa deni kutoka duka la jumla na anatakiwa kulipa baada ya muda mfupi. Kwa hivyo huweka kinachotosha siku chache za mauzo ya kawaida, na kidogo cha tahadhari juu yake, akitegemea kwamba wateja wake hawatakuja wote siku moja. Rafu hupangwa kwa mwendo wa kawaida wa wanunuzi, na mwendo huo ukibadilika ghafla, rafu haina la kufanya.

Tuchukue mfano wa kubuni ili hesabu ionekane. Tuseme maduka yote ya mji kwa pamoja yana unga wa kutosha siku 10. Asubuhi moja nusu ya nyumba zinaamua kununua unga wa siku 14, jambo ambalo hakuna mtu mwenye akili angeliita uroho. Nyumba hizo zitakuwa zimechukua kwa asubuhi hiyo moja unga ambao mji mzima ungeula kwa siku saba. Dukani umebaki wa siku tatu. Nusu ya pili ya mji, ambayo ilikuwa haijali uvumi, sasa inapita na kuona rafu zimepunguka, na kila nyumba inaamua angalau kuchukua wa wiki moja. Hiyo ni haja ya siku tatu na nusu za mji, na uliobaki ni wa siku tatu. Kabla ya magharibi hakuna hata pakiti moja. Hata hivyo hakuna aliyekula zaidi ya jana, na unga wote ungali mjini vilevile. Umehama tu kutoka rafuni kwenda majikoni, na waliochelewa ndio wanaobaki bila.

Katika hesabu hiyo hakuna mhalifu. Kila mmoja, kwa nafasi yake, alifanya lililo sahihi. Ukijua kwamba wenzako watakwenda dukani, ni busara nawe uende, hata kama huamini neno moja la ule ujumbe wa sauti. Ndiyo maana kuwaambia watu “msiwe na hofu, bidhaa zipo” husaidia kidogo mno. Wengi wa wanaokimbilia dukani hawaogopi kwamba bidhaa hazipo nchini, wanawaogopa wenzao. Uvumi huo ulikuwa wa uongo usiku, na kufikia adhuhuri watu wenyewe walikuwa wameugeuza kuwa kweli.

Jambo hili si la Lamu wala si la nchi zenye dhiki. Mwaka 1973, bei ya mafuta ya petroli ilipopanda duniani, serikali ya Japani iliwahimiza wananchi watumie karatasi kwa uangalifu. Mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba mwaka huo, katika mji wa Senri karibu na Osaka, wanunuzi walipanga foleni kununua karatasi za chooni, duka likaishiwa, habari ikaenea, na fujo ileile ikatokea miji mingine ya Japani. Viwanda vilikuwa vikiendelea kutengeneza. Mwezi Machi 2020 mambo hayohayo yalionekana Australia, Uingereza na Marekani kwa sababu ya korona, na bidhaa ikawa ni ileile. Watu walicheka sana, lakini kuna sababu ya kawaida kabisa, ambayo ni kwamba karatasi za chooni ni kubwa kwa umbo na ndogo kwa thamani, hivyo maduka hayaweki nyingi, na pakiti chache zikitoka rafu nzima huonekana wazi kutoka mbali. Kwetu unga uko vivyo hivyo. Hujaza nafasi, na ukipunguka hakuna asiyeona. Chumvi inaweza kukaribia kuisha na mtu asitambue.

Hapa Kenya, kisa cha kwanza cha korona kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na siku hiyohiyo supamaketi za Nairobi zilijaa watu waliosukuma vigari vilivyofurika. Foleni zilipita. Jambo ambalo halikusemwa sana ni lile linalofuata baada ya foleni kupita, na hilo huwaumiza wafanyabiashara wadogo zaidi kuliko wanunuzi. Mwenye duka aliyeuza mauzo ya siku kumi kwa siku moja huagiza mara mbili au tatu ya kawaida yake. Mwenye duka la jumla, akiona maagizo ya namna hiyo kutoka kwa wateja wake wote, naye huzidisha anapoagiza Mombasa, na kiwanda kinachoona maagizo hayo huamini kwamba watu wanakula zaidi. Kila hatua huongeza chumvi juu ya iliyotangulia. Shehena inapofika, watu wana unga nyumbani wa wiki mbili na hakuna anayenunua. Mwenye duka anabaki na deni na unga unaozeeka, na mwezi unaofuata anaagiza kidogo kupita kiasi, hivyo rafu zake zinakuwa nyepesi wakati uvumi wa pili unapotokea. Mji uliokwisha kupata mshtuko mmoja huwa mwepesi zaidi kupata wa pili, si kwa sababu ya woga peke yake bali kwa sababu maduka yenyewe yamepoteza mizani.

Sasa nataka nitofautishe jambo ambalo ujumbe wa sauti haukulitofautisha. Utupu wa rafu hauna sababu moja. Nimeeleza ule unaotokana na haraka ya wanunuzi. Uko mwingine unaotokana na bei. Mwezi Mei 2017 serikali ilitangaza kwamba unga wa mahindi wa ruzuku, pakiti ya kilo mbili, uuzwe kwa shilingi 90, wakati bei ya soko ilikuwa imepita 130. Julai 2022 ilitangazwa shilingi 100 wakati bei ilikuwa imefika kama 200. Mara zote mbili wananchi walizunguka maduka wakitafuta unga huo bila kuupata, na supamaketi zikawa zinampa kila mteja pakiti moja au mbili tu. Bei ya chini huwavuta wanunuzi wote kwa wakati mmoja, na msagaji hana haraka ya kutoa unga mpaka awe na hakika kwamba serikali itamlipa tofauti ya bei. Aprili 2022 tuliona sura ileile kwenye vituo vya petroli, pale kampuni za mafuta zilipokuwa zikiidai serikali fedha za ruzuku. Katika hali hiyo akiba yako ya nyumbani haitasaidia sana, kwa kuwa shida inaweza kuendelea miezi, na wala foleni haitasaidia. Kinachosaidia ni kubadili chakula, jambo ambalo wewe ulilifanya vizuri kwa mihogo na viazi.

Utupu wa tatu ni ule wa kweli, yaani njia imekatika. Huu ndio unaohusu Lamu kuliko karibu mji wowote mwingine wa Kenya, na ndio unaofanya jibu langu kwako liwe tofauti na lile ambalo ningempa mtu wa Nairobi. Novemba 2023, mvua za El Niño zilipoufurisha mto Tana, barabara ya Garsen, Witu hadi Lamu ilikatika na magari yakakwama. Upande wa kusini, barabara ya Mombasa na Malindi nayo ilikatika Mbogolo. Aliyesema wakati huo kwamba bidhaa hazitavuka hakuwa mzushi. Ongeza hapo kwamba kwa miaka mingi barabara ya Garsen hadi Lamu imekuwa na matatizo ya usalama, mabasi na malori yakisafiri kwa msafara wenye ulinzi, na utaona kwa nini mtu wa Lamu huamini haraka anapoambiwa kwamba njia imefungwa. Ameyaona yakitokea. Simlaumu.

Hapa ndipo ninaporudi kwa mama mkwe. Enzi anayoikumbuka, bidhaa nyingi zilikuja kwa majahazi kutoka Mombasa kupitia bahari kuu, na kusi ilipoanza kuvuma kwa nguvu, safari zilipungua au kusimama. Nyumba iliyojaza ghala wakati wa upepo wa kaskazi, kabla ya kusi, ilikuwa inafuata kalenda ya upepo. Siku hizi mzigo mwingi huja kwa lori mpaka Mokowe kisha huvushwa kwa boti, na mlango huo wa bahari kati ya bara na kisiwa umesitirika, haufungwi na kusi ovyo. (Watu wa Faza, Siyu na Kizingitini, kisiwani Pate, wana hesabu yao tofauti, kwa sababu wao husubiri pia maji yajae katika mlango wa bahari wa Mkanda, na kwao upepo bado una neno.) Kiungo dhaifu kimehama kutoka baharini kwenda bonde la Tana. Kalenda ya ghala lako kwa hivyo ifuate mvua, yaani vuli ya Oktoba hadi Desemba, na masika yanayoanza mwishoni mwa Machi au Aprili.

Na si mvua ya Lamu. Tana huanzia Mlima Kenya na Aberdare, na maji yake huchukua siku kadhaa kufika chini, kwa hivyo barabara inaweza kukatika huku mbingu ya Langoni ikiwa safi kabisa. Dalili ya kutegemea ni habari za bwawa la Masinga, lililoko juu kwenye mto huo. Bwawa hilo likifurika, watu wa Garissa na Tana River huonywa wahame kandokando ya mto, na onyo hilo hutangazwa redioni. Kwa mtu wa Lamu, tangazo hilo lina thamani kuliko jumbe za sauti mia, kwa sababu humpa siku za kujiandaa bila kukimbia. Wapo wanaouliza kwa nini bandari mpya ya Lamu isituokoe na haya yote. Meli ya kwanza ilitia nanga pale Mei 2021, lakini kazi yake kubwa hadi sasa ni kupokea makontena na kuyapakia meli nyingine. Sukari ya Usita wa Mui bado hutoka Mombasa kwa barabara.

Tuje kwenye kiasi. Pima akiba kwa siku, usiipime kwa magunia. Katika misaada ya chakula hutumika sana mgao huu kwa mtu mmoja kwa siku: gramu 400 za nafaka, 60 za jamii ya kunde, 25 za mafuta, 15 za sukari na 5 za chumvi. Nyumba yenu ina watu saba. Kwa siku 14 hiyo ni kilo 39 za nafaka, ukijumlisha mchele, unga wa mahindi na wa ngano pamoja, kilo 6 za maharagwe, kunde au pojo, mafuta yasiyofika lita tatu, sukari kilo moja na nusu, na chumvi nusu kilo. Watoto hula pungufu ya hapo, kwa hivyo kadirio hili lina nafasi. Nakiri kwamba gramu 15 za sukari ni vijiko vitatu vya chai kwa siku nzima, na sijui nyumba ya Lamu itakayoridhika na hivyo. Weka kilo tatu na mambo yaishe. Sasa linganisha na marobota manne ya jirani. Hayo ni kilo 96 za unga wa ngano, ambazo nyumba ya watu saba ingezimaliza kwa zaidi ya mwezi, tena kama isingegusa wali wala ugali hata siku moja. Hiyo imepita tahadhari.

Kwa nini siku 14 na si 30? Kwa sababu mjini Lamu, njia ikikatika, mzigo huanza kutafuta njia nyingine, hata kwa bahari, kabla ya majuma mawili kwisha, na pia kwa sababu akiba kubwa ina hasara zake, ambazo nitazieleza. Kama ungekuwa unaishi Kiunga au Kizingitini ningekuambia wiki tatu. Akiba hiyo usiinunue kwa siku moja. Ukiongeza pakiti mbili za kilo mbili juu ya ununuzi wako wa kila wiki, kwa wiki kumi utakuwa na kilo 40, na hakuna mwenye duka atakayetambua kwamba mauzo yake yamebadilika. Au tuseme atatambua polepole, aagize zaidi, na hapo umeuongezea mji shehena badala ya kuupunguzia. Ukianza mwishoni mwa Julai utakuwa umekamilisha kabla ya vuli. Baada ya Januari angalia tena, ujaze palipopungua kabla ya masika. Ramadhani ihesabu kando, kwa kuwa matumizi ya unga, sukari na mafuta hubadilika mwezi huo, na ni vibaya kuifanya akiba ya dharura iwe bajeti ya sambusa. Kama mko katika chama cha kina mama, kununua kwa pamoja moja kwa moja kutoka duka la jumla la Malindi au Mombasa katika miezi ambayo njia ni nzuri ni mpango bora zaidi kuliko huu wangu wa pakiti mbili, na mara nyingi huwa rahisi kwa bei.

Kuhifadhi katika hewa ya Lamu ni kazi, na wengi hupoteza akiba yao hapo. Nyumba za mawe ya matumbawe hunyonya unyevu, na pakiti ya karatasi iliyoegemezwa ukutani wakati wa mvua hushika ukungu upande mmoja bila mtu kuona. Tumia mapipa au ndoo za plastiki zenye vifuniko vinavyobana, zikae juu ya mbao, mbali na ukuta. Andika tarehe kwa kalamu, kipya kiingie nyuma, cha zamani kitoke mbele, na kila wiki pikeni kutoka kwenye akiba kisha mrudishe kilichotumika. Akiba isiyoliwa ni chakula cha fukusi. Unga wa dona haudumu kama wa sembe, kwa sababu mafuta ya kiini cha mahindi huchacha. Mahindi mazima hukaa muda mrefu kuliko unga, lakini kwa sharti moja zito, nalo ni kwamba yawe makavu kweli, unyevu usizidi asilimia 13.5. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na maeneo jirani, mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu yaliota kuvu wenye sumu ya aflatoksini, na watu 125 walifariki. Kwa hivyo gunia la mahindi la bei nafuu kutoka kwa mtu usiyemjua si akiba, ni hatari. Ukipata makavu kutoka Mpeketoni au Hindi, yatie katika ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ambamo wadudu hukosa pumzi wakafa bila dawa. Maharagwe yakikaa zaidi ya mwaka katika joto letu huwa magumu na hula kuni nyingi kabla ya kuiva. Ng'onda na papa mkavu mnajua wenyewe kuwaweka. Sina la kuwafundisha watu wa Lamu katika hilo.

Dawa za presha na kisukari ziwe na ziada ya wiki mbili, na mtungi wa pili wa gesi ni bora kuliko gunia la pili la mchele, maana mchele hauliki bila moto. Petroli usiiweke ndani ya nyumba kwa hali yoyote, hata kama mume wako ana boti.

Kuhusu kuhodhi kama dhambi, fatwa si fani yangu, na masheikh hawakosekani Lamu. Lakini inajulikana kwamba katika Sahihi Muslim imepokewa hadithi inayomhesabu anayehodhi kuwa mkosaji, na imepokewa pia kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwawekea watu wa nyumba yake chakula cha mwaka. Wanazuoni hawakuona mgongano hapo, kwa kuwa linalokatazwa ni kuwazuilia watu bidhaa wanapoihitaji ili bei ipande, na kuwawekea watoto chakula ni jambo jingine. Katika Sura ya Yusuf nafaka iliwekwa akiba katika miaka ya neema, tena ikiwa katika mashuke yake, na mtaalamu yeyote wa uhifadhi atakuambia kwamba punje iliyo ndani ya ganda lake hudumu zaidi. Ukiyaangalia yote hayo kwa jicho la kiuchumi, mpaka wenyewe uko kwenye wakati na kusudio. Kilo 40 zilezile ni hekima mwezi Agosti na ni madhara asubuhi ya uvumi.

Madhara hayo humwangukia nani? Si jirani yako, wala si wewe hasa, uliyekuwa na mihogo na viazi vya kupika. Humwangukia anayenunua kwa kupima, robo ya sukari leo na robo kesho, kwa sababu ujira wake hulipwa kila jioni: hamali wa gatini, mwenye punda, mama anayeuza maandazi. Mtu huyo hawezi kuwahi foleni kwa kuwa fedha za kuwahi hana. Shauri la pakiti mbili kila wiki halimfai pia, nami sitajifanya kwamba linamfaa. Kinachomfaa ni uamuzi wa mwenye duka. Mwenye duka mwenye busara, akiona watu wameanza kubeba marobota, huweka kikomo cha pakiti mbili kwa mteja, kisha hufungua magunia kadhaa na kuyatenga kwa ajili ya kupima mpaka jioni. Hatapoteza kitu, kwa maana ataviuza vyote, na wateja wa kupima ndio watakaomrudia wiki ijayo wakati wenye marobota hawaonekani. Akipandisha bei asubuhi hiyohiyo kwa bidhaa aliyoinunua kwa bei ya zamani, ajue kwamba sheria haiko kimya. Machi 2020 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliiamuru supamaketi moja iwarudishie wateja fedha walizotozwa zaidi kwa dawa ya kutakasa mikono, na ipo pia Sheria ya Udhibiti wa Bei za Bidhaa Muhimu ya mwaka 2011, inayompa waziri uwezo wa kuweka bei ya juu kabisa ya bidhaa atakayoitangaza. Mimi binafsi sipendi sana bei za kuwekwa, kwa sababu nilizozitaja kuhusu unga wa 2017 na 2022, lakini kikomo cha pakiti kwa mteja sijakiona kikimdhuru mtu.

Limebaki la usiku wenyewe, ujumbe mwingine utakapokuja, nao utakuja. Usiusambaze kabla hujauliza mambo mawili. Mpigie mtu anayefanya kazi gati la Mokowe umuulize kama malori yalifika leo, kisha muulize mwenye duka wako lori lake la mwisho liliondoka Mombasa lini. Kama kilichopungua ni bidhaa moja tu na nyingine zipo, karibu hakika barabara haina tatizo. Njia ikikatika, nyanya, vitunguu na kabeji hupanda bei kwanza, kwa kuwa haviwekeki, kabla sukari haijaguswa. Ukiwa na akiba yako ya siku 14, kaa nyumbani asubuhi hiyo, na kutokuwapo kwako kwenye foleni ni pakiti mbili ambazo mwingine atazikuta. Uvumi ukikukuta kabla akiba haijakamilika, nenda bila aibu, ununue cha siku tatu, na urudi tena siku ya nne.